Mtu Aliyekunja Magunia

Kamishna Donatien alisikiliza shairi lile kwa mara ya tatu, kisha akalaza simu kifudifudi mezani, kana kwamba ingeweza kumtazama.

"Umesikia mwenyewe," alimwambia Inspekta Toussaint. "Nyumba ya mama wa watu imeanguka, mguu wake umevunjika, na huyu msichana anasema maji yana adabu. Anatucheka."

Toussaint aliichukua simu na kulicheza tena lile shairi. Sauti ya msichana huyo, Dalila, ilitoka polepole, bila kupanda wala kushuka. Nyuma yake walisikika watu wakikohoa na viti vikiburutwa.

*Nilivuta uzi. Ulikuja bila kubisha.*
*Nikayaambia maji: piteni, njia ni hii.*
*Maji yana adabu,*
*yalianza kwa kuuliza hali ya miguu ya kitanda.*
*Nilikunja magunia,*
*maana kesho kuna mtu atayahitaji.*
*Nikarudi nyumbani na mikono safi,*
*nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi yake.*

"Hakuna vina," alisema Donatien. "Hakuna kitu. Ni maungamo yaliyokatwakatwa."

Kosa lenyewe lilijulikana Uvira nzima. Tangu ziwa lianze kupanda, watu wa ile avenue ya chini, mtaa wa ufukweni kule Kilibula, walikuwa wamejenga ukuta wa magunia ya mchanga ufukweni. Jumatatu asubuhi mtu alifungua mwanya katika ukuta huo. Mchana upepo ulivuma, ziwa likaingia kwa mwanya ule, na nyumba ya Mama Félicité, mjane anayeanika ndagala, wale dagaa wa ziwani, ikamwangukia akiwa ndani. Walimtoa akiwa hai.

Toussaint alikuwa wa kwanza kuuona ule mwanya. Magunia hayakuwa yamechanwa. Mchanga ulikuwa umemwagwa pembeni, nyuzi zimevutwa zikatoka nzima, na magunia matupu yalikuwa yamekunjwa vizuri na kupangwa, jiwe juu yake. Mvuvi angetumia kisu na kwenda zake. Mtu aliyekulia dukani hakati gunia. Anajua ncha ya uzi inayovutwa, na anajua kwamba gunia zima lina kazi nyingine.

Kwa hiyo jioni ileile neno likaenea: ni wafanyabiashara, ni Waislamu wenye depo za bidhaa, wamewasukumia wavuvi maji ili waokoe mali yao. Toussaint alizunguka depo zote. Maji yalikuwa yameingia huko pia. Kwa Mzee Abdoul-Karim, mwenye depo na mtunga mashairi, unga ulikuwa umeganda kama saruji. Aliporudi na habari hiyo hakuna aliyetaka kuisikia.

Halafu Jumatano, kwenye ukumbi wa vijana, Dalila, binti wa Abdoul-Karim, akasimama na kusoma lile shairi. Mtu akamrekodi. Alhamisi alfajiri mawe yalikuwa yanaanguka juu ya mabati ya baba yake, na kabla jua halijachomoza vizuri Dalila alikuja polisi kwa miguu yake mwenyewe. Alisema: "Ni minye nilifungua ukuta. Andikeni." Hakuongeza neno.

"Saa nane gari ya parke, ya waendesha mashtaka, inakuja kumchukua," Donatien alisema. "Akishafika gerezani, Kilibula itatulia."

"Na kama si yeye?"

"Amekubali mwenyewe, Toussaint. Unataka malaika ashuke kushuhudia?"

"Nataka kuongea naye mpaka gari ifike."

"Ongea. Ila usirudi hapa kuniambia mambo ya mashairi. Mashairi niliyaacha shuleni, na hayakunililia."

Dalila alikuwa kwenye chumba cha kuhojia, amekaa wima, mtandio umefungwa barabara. Alikuwa mwembamba, na alimtazama mtu usoni moja kwa moja. Toussaint alivuta kiti.

"Umekula?"

"Papa ataleta."

"Nisomee lile shairi."

"Muko nalo kwa telefone."

"Telefone haina uso. Nataka nikuone ukilisoma."

Alilisoma. Hakuwa na karatasi. Alipofika kwenye magunia sauti yake ilikuwa ya chini kabisa, kama ya mtu anayemfunika mwingine shuka bila kutaka kumwamsha.

"Kamishna anasema unatucheka," Toussaint alisema.

"Kamishna amezoea mashairi ya papa." Alitabasamu kidogo, kisha akaacha. "Papa akitunga juu ya mwizi, mwizi anaingia kwa ubeti wa kwanza, kwa ubeti wa mwisho iko mu moto. Papa anasimama mlangoni na fimbo. Bantu banapiga makofi, banaenda kulala. Hakuna hata mmoja anajiuliza kama mwizi ni yeye."

"Na weye?"

"Minye ninaingia mu nyumba. Ninakaa chini, karibu na ule mwizi. Sipigi kelele, juu nikipiga kelele ataacha kuniambia."

"Kwa hiyo yule anayesema 'nilivuta uzi' anaweza kuwa mtu mwingine, na wewe umekaa karibu naye."

Dalila aligundua alikokuwa amefika. "Kwa mashairi mengine," alisema. "Kwa hili ni minye."

Toussaint alikuwa amechukua maungamo mengi maishani. Wanaokiri, kwa jinsi alivyowajua, wana njia mbili. Wako wanaojitukana mpaka polisi mwenyewe anawaonea huruma, na wako wanaomtupia mwingine: pombe, shetani, mke. Hakuwahi kukutana na mtu aliyelisimulia kosa lake mwenyewe kwa upole kama ule. Donatien alisikia dharau. Toussaint alitaka kujua upole huo ulikuwa wa nani.

"Niambie kosa lako lingine," alisema. "Dogo. La nyumbani tu."

"Juu ya nini?"

"Gari bado. Tuna nafasi."

Dalila alifikiri kidogo. "Juma lililopita nilisahau dawa ya papa ya macho. Nilipita kwa famasi, nikasimama na wenzangu, tukapiga stori, nikarudi mikono mitupu." Sauti yake ilibadilika hapo hapo. Ikawa kavu. "Mujinga minye. Kichwa tupu. Muntu mzima anasahau macho ya papa yake juu ya kucheka barabarani? Siku nzima alipapasa ukuta, na hakusema kitu. Angenichapa ningemushukuru."

"Umejisikia?"

"Nimejisikia namna gani?"

"Kwa ajili ya chupa ya dawa umejipiga nyundo. Kwa ajili ya nyumba ya Félicité umejipangusa kwa pamba." Toussaint aliegemea mbele. "Wewe hujihurumii, Dalila. Hujui hata kujihurumia kunaanzaje. Ile sauti ya kwenye shairi si ya kujisemea. Ni ya kumsemea mtu unayempenda."

Vidole vya Dalila vilikamata ukingo wa meza.

"Sauti haiko ushahidi," alisema mwishowe.

"Kwa parke, hapana."

"Basi andika ni minye, Inspekta. Ninakuomba."

Toussaint aliweka kalamu mfukoni.

Walikuwa bado wanatazamana hivyo polisi wa zamu alipobisha. Chakula cha mahabusu kimefika. Mzee Abdoul-Karim alikuwa mlangoni, kanzu yake imepigwa pasi, bakuli la wali na maharagwe limefungwa kwa kitambaa. Alikuwa anageuza kichwa kidogo upande wa kulia, kama wanavyofanya watu wenye jicho moja linaloona zaidi ya lingine. Kanuni ilitaka polisi achunguze bakuli. Toussaint alimwambia aache.

"Papa," alisema Dalila. "Umetembea mu jua. Kofia iko wapi?"

"Nimeiacha."

"Kaa pale, kuko kivuli. Umetia dawa?"

"Nimetia."

"Yote mbili, ao moja?"

"Ya kushoto ilinikimbia."

"Haina shida. Nitakutilia. Usikae tena karibu na dirisha, ee? Ukisikia jiwe, ingia chumba cha nyuma, polepole, usijigonge."

Toussaint alisimama pembeni akitazama ukuta. Hakuhitaji kutazama kingine. Sauti ilikuwa ileile, chini vilevile, na ilipumua palepale. Angeweza kuiweka juu ya ile ya kwenye simu na zisingepishana.

Alimpa mzee mkono. "Papa Abdoul-Karim, nisindikize mpaka kwenye ukuta wa magunia. Nataka unionyeshe kitu."

Dalila alisimama ghafla, kiti kikaanguka. "Inspekta. Papa amechoka."

"Tutakwenda polepole," Toussaint alisema.

Walikwenda polepole kweli. Mzee alijua kila shimo la avenue ile kwa miguu, hata pale maji yalipokuwa yamelifunika. Njiani alizungumza juu ya binti yake. Mashairi yake hayana mizani, alisema, yanatembea kama mtu aliyevua viatu. Mara nyingine hayamfikii sikioni. Lakini mtoto hana uongo.

"Shairi la jana ulilisikia?"

"Hakutaka nije. Alisema ukumbi uko na ngazi mbaya." Mzee alicheka. "Ananichunga kama yai. Na hakufungua ule ukuta, Inspekta. Ukuta ulipasuka wenyewe mchana, kwa upepo. Nitaapa popote mutakaponipeleka."

Kwenye mwanya watu walikuwa wameshatupa mawe na matawi kuziba. Rundo la magunia matupu lilikuwa bado pembeni. Toussaint aliagiza lisiguswe. Alimwongoza mzee mpaka mguu wake ukaligusa, kisha akanyamaza.

Mzee aliinama na kupapasa. Uso wake ukafunguka.

"Aa, yako hapa bado. Nilijua hayataibiwa. Bantu ba hapa bako na shida, lakini si wezi."

"Uliyakunja wewe, Papa?"

"Nani mwingine? Gunia ukiliacha wazi linaoza." Alianza kunyoosha kingo za lile la juu. "Ilikuwa Jumatatu, nikitoka sala ya alfajiri. Mvua ilikuwa imenyesha mulimani usiku kucha. Maji yalishuka yote hapa, ukuta ukayazuia, yakajaa kwa Mama Félicité mpaka mlangoni. Nikamwita, hakusikia. Maji ya mulima yanataka nini, Inspekta? Yanataka ziwa. Tangu utoto wangu, maji yakijaa Kilibula tunayapa njia, yanakwenda ziwani. Nikayapa njia. Yalishuka vizuri, nilisikia kwa masikio yangu. Nikaenda kulala na moyo mweupe."

"Hukurudi kufunga."

"Kufunga nini? Yalikuwa yameshapita."

Toussaint alitazama ziwa. Lilikuwa limetulia, na milima ya Burundi ilionekana ng'ambo. Lilikuwa limesimama juu kuliko avenue. Mtu yeyote mwenye macho angeliona. Lakini macho ya mzee hayakufika mbali hivyo, na ziwa alilolibeba kichwani lilikuwa lile la siku zote, linalokaa chini na kupokea. Hakuna mtu wa kizazi chake aliyewahi kufikiri litainuka na kurudi kwa mlango ule ule.

Polisi ana namna yake ya kusema jambo kama lile. Ulibomoa, ulisababisha, unashtakiwa. Toussaint alikuwa ameyasema maneno hayo kwa wengi na yalitoka yenyewe, kama namba ya simu. Safari hii aliyashika mdomoni na hayakutaka kutoka.

"Papa," alisema. "Kaa kwanza hapa kwenye jiwe."

Mzee alikaa.

"Asubuhi maji ya mlima yalipita, kama ulivyosema. Ulifanya vizuri. Mchana upepo uliamka. Ziwa siku hizi limekuwa refu, Papa, limepita urefu wa barabara. Likauona mlango uliouacha. Likaingia, likaenda kwa Félicité."

Karibu nao wanawake walikuwa wanaosha sufuria na kucheka mambo yao.

"Mlango wangu," mzee alisema.

"Ndiyo."

"Dalila anajua?"

"Nadhani alikufulia kanzu ya Jumatatu, akakuta kitu. Uzi wa gunia uliuweka mfukoni?"

Mzee alipeleka mkono mfukoni, ingawa ilikuwa kanzu nyingine, na kuurudisha mtupu. Toussaint alitoa simu, akamwekea shairi la binti yake. Mzee alilisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeelekea kulia. Lilipoisha aliomba arudishiwe pale pa usingizi.

"Minye ningelitunga," alisema, "ningemuchoma huyu muntu kwa ubeti wa tatu." Alijifuta uso kwa kiganja. "Yeye amemutandikia kitanda."

Kisha akainuka. "Nipeleke kwa Mama Félicité. Kabla ya kwa kamishna."

Félicité alikuwa kwa dada yake, avenue ya juu, mguu umefungwa plasta na kuwekwa juu ya mto. Wanawake waliokuwa uani walinyamaza walipomwona mzee. Mmoja aliondoka na beseni lake bila kuaga. Félicité mwenyewe hakuondoa macho mlangoni.

"Inspekta, umeniletea mgeni gani? Huyu namujua. Alimutungia mume wangu mashairi siku ya kumuzika. Yalikuwa marefu, bantu balisimama mu jua mpaka mchana."

"Ni minye nilifungua ukuta, Mama Félicité," mzee alisema. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono imeshuka. "Maji ya mulima yalikuja mlangoni kwako. Niliyapa njia. Sikurudi kufunga. Binti yangu hakugusa gunia hata moja."

Toussaint alingojea matusi. Tangu Jumatatu alikuwa ameyasikia yote: afungwe, alale mu maji, nyumba yake nayo ianguke.

"Asubuhi ile nilisikia maji yanapungua," Félicité alisema mwishowe. "Nilikuwa nimefunga mizigo yangu, natoka. Nikasikia yanapungua. Nikamushukuru Mungu, nikafungua mizigo, nikarudi ndani." Alisogeza mto chini ya mguu. "Kumbe nilikuwa namushukuru weye. Na juu ya kushukuru, nikarudi ndani."

Mzee alifunika uso.

"Usilie hapa. Ukilia nitalia, na mguu huu haitaki kutikiswa."

Alijaribu kuacha. Hakuweza haraka.

"Nyumba yangu ninaitaka," Félicité alisema.

"Utaipata."

"Si ya mashairi. Ya matofali."

"Ya matofali."

"Na weye mwenyewe utakaa hapo ukipitisha tofali kwa mkono, bantu bote ba Kilibula bakuone, bajue ni nani na ni kwa nini. Nitabaambia mwenyewe. Bakirusha jiwe lingine kwa mabati yako, barushe na kwa yangu, kama batayapata." Alivuta pumzi. "Sasa kaa chini. Umesimama kama polisi."

Toussaint alijitazama, kisha akatafuta kigoda.

"Inspekta," Félicité alisema, "telefone yako iko na chaji? Nipigie huyo kamishna wako."

Toussaint alipofika ofisini, gari ya parke ilikuwa imeegeshwa mlangoni na dereva amelala na mdomo wazi. Donatien alikuwa ameshika funguo za kasho, chumba cha mahabusu, huku akisugua sikio moja.

"Yule mama amenipigia kelele mpaka chaji imeisha," alisema. "Anafuta malalamiko juu ya msichana. Anasema nikimpeleka Dalila, atakuja hapa kwa mguu mmoja. Na mzee je?"

"Atakuja kesho kutoa maelezo. Nimemwacha kwa Félicité."

"Na akikimbia?"

"Kwa macho yale? Nilimwacha anamenya maharagwe. Wanawake wanamsahihisha."

Donatien alimtazama dereva aliyelala, akamtazama Toussaint, kisha akamtupia funguo. "Maelezo ya mzee utayaandika mwenyewe. Na uyaandike vizuri, parke wasimsome kama mhalifu wa kivita."

"Ndivyo nilivyopanga."

Alifungua mlango wa kasho. Dalila alikuwa sakafuni, mgongo ukutani, bakuli la wali kando yake halijafunguliwa. Alimtazama Toussaint usoni na akajua. Hakuinuka.

"Ulimwambia."

"Nilimwambia. Kisha akaenda kwa Félicité kwa miguu yake, akasema mwenyewe. Ataijenga nyumba. Wewe uko huru, inuka."

Bado hakuinuka. Alikuwa anapapasa sakafu akitafuta kandambili yake, na ilikuwa hapo hapo mbele yake.

"Ulimwambia kwa sauti gani?"

Toussaint aliinama, akaiokota kandambili na kuiweka karibu na mguu wake.

"Ya kwako," alisema. "Ya kwangu ilikataa kutoka."